Darasa la Nne la Mkoloni: Kufuata Njia ya Wavulana wa Peramiho

Karibu kila ukoo wa Songea una babu aliyesoma darasa la nne la mkoloni. Hata akiwa marehemu, sifa zake hazikuzikwa naye: mwandiko wa kunyooka, hesabu za kichwani, Kiingereza cha kumjibu bwana shauri (ofisa wa wilaya) bila mkalimani. Msibani, harusini, hata kwenye foleni ya pensheni, kauli ni ile ile: darasa la nne la mkoloni ni sawa na fomu foo ya leo, na kama lilikuwa la misheni, basi ndiyo usiseme. Nimeisikia kauli hiyo tangu utotoni. Sijawahi kuisikia ikifuatana na ushahidi. Ndani ya darasa hilo, wavulana walikuwa wakifundishwa nini hasa?

Kwa watu wa Ungoni, swali hilo lina njia moja kubwa, nayo inakwenda Peramiho. Unatoka Songea mjini kwa barabara ya Mbinga, unaiacha mgongoni milima ya Matogoro, chimbuko la Mto Ruvuma. Baada ya kilomita zipatazo 25 unafika kwenye mji mdogo wa tofali za kuchoma: abasia, hospitali ya Mtakatifu Yosefu, kiwanda cha uchapaji, karakana za ufundi, shule. Wamisionari Wabenedikto wa St. Ottilien, kutoka kusini mwa Ujerumani, walianzisha misheni hapa mwaka 1898, mwaka mmoja tu baada ya boma la Wajerumani kujengwa Songea. Kama kuna mahali ambapo ratiba ya zamani ya shule ya wavulana ingeweza kudumu, ni hapa. Lakini karatasi hudumu vipi mahali palipopitiwa na moto?

Maana moto ulipita. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni, Septemba 1905, misheni ya Peramiho iliteketezwa. Mwezi uliotangulia, mwanzilishi wake, Cassian Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu mwenye makao Dar es Salaam, aliuawa pamoja na wenzake wakiwa njiani kutoka Kilwa kwenda bara. Miaka saba ya mwanzo ya shule ikaenda na paa. Upande wa pili wa vita vile unauona Songea mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji katika eneo la Mahenge, lilipo kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Baada ya hapo ikaja njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa ili wapiganaji wakose pa kujificha na cha kula. Mashujaa wale waliacha watoto. Iweje kizazi hicho hicho ndicho kilichojaza madarasa ya misheni miaka michache baadaye?

Hapa masimulizi yanagawanyika. La kwanza linasema ni njaa: mtoto alikwenda palipokuwa na chakula, nguo na usalama, na kusoma kulikuwa bei ya sahani. La pili linasema ni hiari: watu waliona maji ya dawa ya vita yameshindwa, wakaamua kuitafuta nguvu ya karatasi. Nimeyapima yote mawili kwa kalenda. La kwanza linaeleza vizuri mwaka 1907, lakini halielezi kwa nini watoto hawakuondoka mashamba yalipostawi tena, bali waliongezeka hadi Vita Kuu ya 1914. La pili linaeleza ongezeko hilo, ila linaikimbia njaa. Na kuna ushahidi mdogo ninaouamini kuliko hotuba: mwaka 1910 misheni ya Kikatoliki Dar es Salaam ilianza kuchapa gazeti la Kiswahili liitwalo Rafiki Yangu. Mtu hachapi gazeti pasipo wasomaji. Kusoma kulikuwa kumeshika. Ila kwa nini kwa Kiswahili, si kwa Kingoni?

Nilitarajia kukuta kwamba lugha ya wenyeji ilipuuzwa. Sivyo. Mwaka 1904 Spiss mwenyewe alichapisha uchunguzi wake wa Kingoni na Kisutu, lugha mbili za eneo hili, kazi ya mtu aliyekaa chini akasikiliza. Hata hivyo darasani Kiswahili ndicho kilichoshinda, na ukitembea katika eneo lenyewe unaiona sababu: Wangoni, Wandendeuli, Wamatengo na wengine wako jirani, na mwalimu aliyesomeshwa Peramiho angeweza kupelekwa kijiji chochote. Kitabu kimoja kilihitajika kiwatoshe wote. Utawala wa Waingereza ulipokuja, ukakifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi, na kuanzia Januari 1923 Idara ya Elimu ikawa inatoa gazeti lake, Mambo Leo, lililosomwa na walimu na wanafunzi nchi nzima. Hii ndiyo alama ya kwanza ya uhakika niliyoipata njiani: mvulana wa darasa la nne alisomeshwa kwa Kiswahili. Sasa kile Kiingereza cha babu msibani kilitoka wapi?

Kabla ya kulijibu hilo, njia inakatika kwa mara ya pili. Vita Kuu ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini, na wengi hawakuruhusiwa kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Historia nyingi za misheni huruka miaka hiyo kwa aya moja. Lakini shule za vijijini hazikufa zote, kwa sababu hazikuwa zikiendeshwa na mapadre. Ziliendeshwa na walimu-katekista: vijana wenyeji waliosoma miaka michache, wakapewa katekisimu na ubao, wakatumwa vijijini. Ndio waliofundisha, ndio waliosalisha, ndio waliozika. Majina yao hayako kwenye majengo. Kama wao ndio walioibeba shule, mbona hawakutuachia daftari hata moja?

Jibu nililipata kwenye kifaa. Katika shule zile mtoto hakuwa na daftari. Alikuwa na kibao cha jiwe jeusi chenye fremu ya mti, upana wake kama wa viganja viwili, na kalamu ya jiwe la kijivu iliyolia ikiburuzwa. Upande mmoja umechorwa mistari ya mwandiko, wa pili miraba ya hesabu. Mtoto aliandika, mwalimu akapita akatazama, kibao kikafutwa kwa kiganja au kwa mate, kikaandikwa tena. Kazi ya asubuhi haikuifikia jioni. Kwa hiyo miaka mingi ya masomo ya vijiji vya Ungoni iliandikwa kweli, ikafutwa kweli, na utaratibu wenyewe ndio uliotaka hivyo. Hapo nikaelewa kuwa nilikuwa natafuta mahali pasipo sahihi. Nani mwingine alikuwa na sababu ya kuandika yaliyotokea darasani, na akayahifadhi?

Serikali ilikuwa nayo, kwa sababu ilikuwa inatoa pesa. Mwaka 1924 Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayofanana na maisha ya kijiji: kilimo, afya, kazi za mikono, malezi ya nyumbani. Mwaka uliofuata misheni na serikali zilikutana Dar es Salaam, na makubaliano yakawa kwamba shule ya misheni itakayofuata mtaala wa serikali na kukubali kukaguliwa itapewa ruzuku. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikadai shule na walimu wasajiliwe. Tangu hapo zinaanza taarifa za kila mwaka, zenye majedwali safi. Nikazifungua kwa matumaini makubwa. Mbona basi hesabu zake hazilingani na za kanisa?

Taarifa za serikali zinaonyesha shule chache. Za kanisa zinaonyesha shule nyingi mno. Ni rahisi kusema upande mmoja ulitia chumvi, na nimesoma waandishi waliosema hivyo. Ukitazama kwa makini, pande zote mbili zilisema kweli kuhusu vitu viwili tofauti. Serikali ilihesabu shule zilizosajiliwa, ambazo zilifundisha kusoma na kuandika Kiswahili, hesabu, jiografia, historia, afya, kilimo na kazi za mikono, pamoja na dini kwa saa yake. Kanisa lilihesabu na zile za paa la nyasi, za sala, katekisimu, nyimbo, herufi na hesabu kidogo, kwa saa chache za asubuhi. Zipo nyingine zilizofunguliwa haraka hasa ili kijiji kisichukuliwe na dhehebu jirani, maana upande wa Ziwa Nyasa Waanglikana nao walikuwa wakisonga mbele. Vyote viwili viliitwa shule. Babu wa msibani alisoma ipi?

Hapo ndipo kauli inapoanza kuyumba. Mkondo mkubwa wa watoto uliishia kwenye shule za paa la nyasi. Sehemu yao ilifika shule iliyosajiliwa, na wachache waliuvuka mtihani wa darasa la nne kwenda madarasa ya juu, ambako Kiingereza kilitiliwa mkazo hadi kikawa lugha ya kufundishia. Julius Nyerere alizitaja takwimu za nchi nzima katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: mwaka 1961 shule za msingi zilikuwa na watoto wapatao 490,000, wengi wao wakiishia darasa la nne, sekondari zote zilikuwa na wanafunzi 11,832, na kidato cha sita wanafunzi 176. Kwa hiyo yule babu aliyemjibu bwana shauri kwa Kiingereza, kwa uwezekano mkubwa hakuishia darasa la nne. Alipita. Tumezishika punje zilizobaki kwenye ungo, tukadhani zote zilikuwa punje. Waliopepetwa nje, wao walikwenda wapi?

Wengi walikwenda Tanga. Songea ilikuwa moja ya wilaya zilizotoa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, na wanaume wa Kingoni na Kindendeuli walipanda malori kwenda kukata mkonge mwaka baada ya mwaka. Uhamaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba uchunguzi mzima wa kianthropolojia juu yake ulichapishwa mwaka 1955. Sasa mtazame mvulana aliyekomea darasa la nne katika kijiji ambacho baba zake wako mkongeni. Barua inapofika, yeye ndiye anayeisoma. Fedha inapotumwa, yeye ndiye anayejua ni kiasi gani. Na kwenye soko la tumbaku ya moshi, iliyokusanywa na ushirika wa NGOMAT wa Wangoni na Wamatengo, mkulima alitaka kando yake mtu wa kusoma mizani: ratili ngapi, kwa senti ngapi, jumla shilingi ngapi. Hapo hesabu za kichwani zina maana, na hiyo sehemu ya sifa za babu naikubali bila shaka yoyote. Lakini je, ni shule iliyompa wepesi huo, au ni mizani?

Simulizi linalopinga sifa za shule linajibu kwa maneno makali. Linasema shule ya misheni ilikuwa sala na jembe: wavulana walitumikishwa, masomo yakawa kisingizio. Nilipomwamkia mzee mmoja karibu na Peramiho, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," kisha akanieleza siku ya bweni bila kusita. Kengele kabla ya mapambazuko. Misa kwa Kilatini. Kufagia. Uji. Ukaguzi wa kucha na masikio. Masomo hadi mchana, ugali na maharage, kisha shamba, kuni, tofali, mpira kama jua bado lipo, rozari, kulala. Fimbo aliitaja kama mtu anavyoitaja mvua. Akaniimbia pia wimbo wa Kilatini kutoka mwanzo hadi mwisho, sauti ikiwa bado inajua pa kupanda na pa kushuka. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kanisa la abasia, lililokamilika mwaka 1948, akasema tofali hazikupanda zenyewe. Je, huo ni ushahidi wa kutumikishwa?

Nimejizuia kujibu haraka. Wabenedikto wanaishi kwa kanuni ya sala na kazi, na watawa wenyewe walishika nyundo na jembe. Wavulana hawakuwa peke yao shambani. Isitoshe, jembe halikuwa la misheni pekee. Mapendekezo ya tume ya 1924 yalilitaka. Shule za kati za miaka ya 1950, za darasa la tano hadi la nane, zililiweka katikati ya mtaala hata zile za serikali, na wazazi wakalalamika kwamba hawakumpeleka mtoto shule akajifunze kulima, jambo analolijua tangu anatambaa. Kabla ya uhuru mkazo huo ukalegezwa. Kisha mwaka 1967 jembe likarudi na Elimu ya Kujitegemea, safari hii kwa jina la taifa. Basi swali la haki si kama wavulana walifanya kazi, kwa sababu walifanya. Kazi ile iliwafundisha chochote?

Kwangu mimi kipimo kiko kwenye karakana. Kijana wa useremala, uashi, uhunzi au uchapaji pale Peramiho alikuwa na fundi wa kumsahihisha, kipimo cha kufikia na ufundi wa kuondoka nao. Milango, madawati na vitabu vilivyotoka humo vimetumika kusini kote. Misale ya Waumini iliyoko mikononi mwa Wakatoliki wengi wa Tanzania ina chapa ya abasia za Ndanda na Peramiho. Huko kazi ilikuwa somo. Katika shamba la mahindi la kulishia bweni, ambako mtoto alirudia lile lile alilolijua nyumbani, ilikuwa gharama ya shule iliyolipwa kwa mgongo wake. Wanaosifu huonyesha karakana, wanaolaumu huonyesha shamba, na wote wanaiita kazi. Lakini mbona kila ninayemtaja hapa ni mvulana?

Kwa sababu mlango ulikuwa hivyo. Shule za vijijini zilichanganya, ila bweni la madarasa ya juu lilikuwa la wavulana, na wasichana walikuwa na shule zao chini ya masista, chache zaidi, zenye ushonaji na malezi mengi zaidi. Baadhi ya mabinti hao ndio walioingia utawa wa masista wa Chipole, nao wakawa walimu na wauguzi wa mkoa. Darasa la nne la mkoloni linaposifiwa, bibi hatajwi. Nani alimfundisha kusoma kile kitabu chake cha Chuo cha Sala kilichochakaa kingo kwa kushikwa?

Hilo sijalipatia jibu, na njia inakatika tena. Mkatiko huu wa tatu hauna moto wala vita. Ni sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya serikali shule za mashirika ya dini, na ikazuia mtoto kukataliwa kwa sababu ya dini au rangi yake. Wapo Songea wanaolisimulia tukio hilo kama siku nidhamu ilipokufa. Wapo wengine, hasa wasio Wakatoliki, wanaolisimulia kama siku mlango ulipofunguliwa. Tarehe zinaziunga mkono pande zote mbili. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na msukumo wa elimu kwa wote uliofikia kilele 1977, watoto waliingia kwa wingi ambao walimu, madawati na vitabu havikuufikia. Ubora uliyumba, na pia watoto ambao awali wasingeonekana kwenye jedwali lolote walikaa darasani. Kwa mtafutaji wa kumbukumbu, hata hivyo, kuna jambo la tatu: shule ilipobadili mmiliki, rejista zilikwenda upande gani?

Pengine zilibaki parokiani, pengine zilihamia ofisi ya mwalimu mkuu, pengine zilifungiwa vitumbua. Kilichobaki imara ni kitabu cha ubatizo. Hakisemi mtoto alisoma nini, ila kina safu ya msimamizi, na mwalimu-katekista alisimamia watoto wengi kiasi kwamba ukifuata jina moja, kurasa kwa kurasa, unaweza kujua alifundisha kijiji gani na hadi lini. Hivyo ndivyo shule isiyo na daftari inavyoweza kufuatwa. Ni kazi ya kuchosha macho, nayo haimpi mtu hadithi nzuri ya msibani. Kuna anayeihitaji leo?

Wazazi wa leo wanaihitaji. Tangu sera ya elimu ya 1995 ilipofungua mlango kwa shule binafsi, shule za msingi za Kikatoliki zimerudi, nyingi zikifundisha kwa Kiingereza, na mzazi anayelipa ada husema anamtafutia mtoto misheni ya zamani. Misheni ya zamani ilimfundisha mtoto kwa Kiswahili miaka yote minne ya mwanzo. Kiingereza cha babu kilikuja baadaye, kwa wachache. Kwa hiyo anayesema darasa la nne la mkoloni ni fomu foo ya leo anasema kweli kuhusu waliopita, na anakosea kuhusu shule. Shule ile ilifundisha mambo machache kwa kurudiarudia hadi yakakaa, na ikawaacha nje watoto wengi. Sehemu zote mbili zilikuwa za mtaala huo huo.

Wavulana walioketi kwenye madawati ya shule hizo kabla ya 1961 sasa ni wazee wa zaidi ya miaka sabini. Kama yuko nyumbani kwenu, mkalishe umuulize: shule ilikuwa kijiji gani, mwalimu aliitwa nani, asubuhi mlianza na nini, mlikuwa wangapi, na wangapi walivuka darasa la nne. Andika na jina la dada yake. Ukikuta cheti, rejista au kibao cha jiwe kwenye sanduku, usikitupe. Kipige picha, kisha kipeleke parokiani au Makumbusho ya Majimaji.